Madame Anapanguza Vumbi

Ukitaka kutembea na Madame mjini Butembo, kwanza sahau kwamba kuna mahali mnapaswa kufika. Mtatoka mtaa wake wa Vulamba asubuhi mkienda sokoni kununua vitunguu, na saa sita mtakuwa bado njiani, yeye amechuchumaa mbele ya duka la mabati, kitenge amekikaza kiunoni, anapiga picha ya bati jipya linalong'aa. Wapita njia wanamsalimia, "Bonjour Madame," naye anajibu bila kuinua kichwa, "Bonjour, toka mu mwanga yangu." Wanatoka. Hata wenye pikipiki wanatoka.

Na huyu ndiye yule yule aliyekuwa akifunga geti la shule kengele ikikata kulia! Alikuwa mkuu wa shule yetu ya msingi, directrice, na ingawa amestaafu siku nyingi, hakuna anayemwita kwa jina. Mtaa mzima unamwita Madame, na wanawake wengine wanaostahili neno hilo itabidi watafutiwe jingine. Mimi ananiita Kavira wa Dirisha. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo darasa lolote lina akina Kavira kadhaa na akina Kambale tele, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa dirishani. Leo ni mama mwenye watoto wangu, ninaishi Beni, commune ya Bungulu, nina kibanda cha secrétariat ambapo natoa fotokopi, naandika barua za watu kwenye kompyuta na kuchapa picha. Lakini akipiga simu mbele ya wateja wangu, sauti inatoka kwenye spika kama enzi zile: "Kavira wa Dirisha! Ulipata carte yangu?"

Carte ni kadi ya kumbukumbu ya kamera yake. Alikuwa akinitumia kwa dereva wa Butembo, siku ambazo njia ilikuwa nzuri, imefungwa kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo la maziwa. Madereva walidhani ni dhahabu. Mimi nilizichapa zile picha, nikamrudishia kwa njia hiyo hiyo, na nakiri kwamba kopo lile likifika nilikuwa nawaacha wateja wamesimama. Nilitaka kuona ameona nini safari hii.

Mapenzi yake kwa picha ni ya zamani kuliko mimi. Akiwa mwalimu kijana alikuwa na kamera ya film aliyoachiwa na mtawa mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Film zilikuwa za shida, kwa hiyo angeweza kuzunguka Jumapili nzima, akapiga picha moja, akarudi nyumbani ameshiba. Halafu zikaja nyakati za uporaji. Watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake wakabeba redio, godoro na kamera. Godoro alililalamikia mpaka tukalichoka. Kamera hakuitaja hata siku moja, na sisi tuliokua tukimwona tulidhani mama huyu hajawahi kupenda kitu kingine isipokuwa mistari iliyonyooka na kucha safi.

Ilimrudia kwa bahati, dukani kwa mwanawe. Kijana wake ni mfanyabiashara kama nusu ya mji, huenda Dubai kufuata mizigo, na mara moja alileta kamera za kidijitali. Ziliuzwa zote isipokuwa moja ambayo boksi lake liliingiwa na maji. Madame alipita kumsalimia tu, akaiona kwenye rafu.

"Film yake iko wapi?"

"Mama, hii haina film. Ni numérique. Unapiga mupaka unachoka, yenye haipendeze unafuta."

"Unafuta?"

"Unafuta."

"Na haiishake?"

"Haiishake, mama. Batterie tu, paka ile njo inaisha."

Kijana anasema mama yake alikaa chini juu ya robota la mitumba, akaishika kamera kwa mikono miwili. Miaka yote ile ya picha moja kwa Jumapili! Kisha akasimama, akaitia kwenye mkoba wake, akamwambia, "Hii haiuzishwe tena," akatoka. Mwanawe hakuthubutu kuuliza.

Kadi ya kwanza aliyonitumia ilijaa vidole gumba. Kidole gumba mbele ya kanisa, kidole gumba mbele ya mbuzi. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba au harusi. Lakini huyo ndiye aliyetufundisha kugawanya, hakukata tamaa kwa sababu ya kidole. Baada ya miezi michache vidole vilitoweka, na picha zikaanza kunishika. Kakao ya Mabalako imeanikwa kwenye turubai, na mwanamke anaigeuza kwa miguu, miguu tu inaonekana, na unaisikia ile harufu kali ya kakao mbichi. Ukungu wa Kabasha asubuhi, na lori moja linatokea humo likiwa na taa moja. Kijana anashuka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amepakia makabichi, pindo la shati linapepea. Niliishi miaka yote hiyo kwenye nchi hii na sikujua ni nzuri hivyo. Nasema kweli, nililia juu ya makabichi.

Taabu yake ilikuwa kueleza anapiga picha za nini. Butembo ni mji wa biashara, mtoto anazaliwa anajua bei ya sabuni. Kitu ambacho hakiuzwi kinatia watu wasiwasi. Nilikuwepo siku muuza vitenge mmoja alipomsimamisha.

"Madame, hizi picha unauzishaka wapi?"

"Siuzishake."

"Ah. Basi ni ya ONG, ya watu wa msaada."

"Hapana."

"Ya paroisse, ya kanisa?"

"Hapana, mama. Ni ya furaha yangu."

Yule mama alimtazama kwa huruma, akashusha sauti. "Nimeelewa. Kama ni siri, hapana sema."

Jumapili iliyofuata mtaa mzima ulijua kwamba Madame anajiandaa kugombea ubunge, kwa sababu ni nani mwingine anayezunguka kupiga picha na watu wa hali ya chini bila kuwadai kitu? Vijana wawili walikuja nyumbani kwake kuomba fulana za kampeni. Aliwafukuza, kisha akawaita warudi, akawapiga picha wakiwa na uso wa kufukuzwa. Ni picha nzuri mno.

Wazee walimpa shida ya aina nyingine. Kwetu mtu akifa, picha yake kubwa huwekwa mbele ya jeneza, na hapo ndipo familia hugundua kama marehemu aliwahi kupigwa picha ya maana. Kwa hiyo ukimwambia mzee aketi vizuri, avae koti, aangalie kamera, atakuuliza ni nani aliyekutuma. "Banangu banataka kunizika?" Bibi mmoja alimfukuza Madame kwa mwiko. Ndipo akabuni ufundi wake ambao sijauona kwa mtu mwingine: hamketishi mzee hata mmoja. Anafika, anaanzisha ugomvi. Atasema leeks, vile vitunguu vya majani, za mwaka huu ni nyembamba kama nywele, au kwaya ya Waprotestanti inaimba vizuri kuliko ya Wakatoliki, na mzee akipandwa na hasira, kidole kiko juu, mdomo wazi, macho yanawaka, yeye anabonyeza. Albamu yake ya wazee ni albamu ya magomvi. Hakuna hata mmoja anayefanana na marehemu.

Misemo alikuwa nayo mingi, na nusu yake ilipingana na nusu nyingine. "Mwanga haitoake permission," alisema akichelewa, yeye ambaye sisi alitufungia geti. Lakini ukichelewa wewe, hata kwa sababu ya mvua, mvua utaisikia mara mbili. Alituambia picha nzuri inahitaji subira, kisha akanipigia simu kuuliza kwa nini kadi aliyoituma asubuhi haijarudi kabla ya chakula cha mchana, kana kwamba Beni na Butembo ni vyumba viwili vya nyumba moja. Alikataza watu kutabasamu. "Hapana cheka. Ishi tu." Watu walijaribu kuishi, wakashindwa, wakacheka, na hapo ndipo alipowapata.

Kanisani alikuwa anakaa karibu na mlango. Alisema ni kwa sababu ya miguu. Kila mtu alijua ni kwa sababu ya jua la saa mbili, ambalo likiingia kupitia mlango ule linawapiga wanakwaya wa alto shingoni. Padri alimwonya mara moja, kwa upole, kwamba misa si studio. Akamjibu, "Padiri, mimi naangalia paka kile Mungu anaangaza." Padri naye alikuwa mwanafunzi wake zamani, hakuendelea.

Lazima niseme pia jinsi alivyopotezewa picha moja, kwa sababu ni kosa linaloweza kutokea kwetu tu. Alimtumia mkulima mmoja wa Mangina picha ya shamba lake. Juu ya bahasha akaandika "Kambale, Mangina". Dereva aliitoa kwa Kambale wa kwanza aliyenyoosha mkono. Kambale huyo hakuwa na shamba hata la kupanda kitunguu, lakini aliipenda, akaitundika sebuleni, akawaonyesha wageni shamba lake. Kambale mwenye shamba aliposikia alikwenda kuidai, wakagombana, wakapatana juu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na picha ikabaki kule kule. Madame alifurahi kuliko wote. "Unaona? Picha yangu inapatia mutu shamba."

Sasa nije kwenye vumbi.

Mnajua Butembo wakati wa jua. Malori yanapita, barabara inapanda hewani, inakaa juu ya majani, juu ya mikate, juu ya kope. Madame alianza kulalamika kwamba mwaka huo vumbi limezidi. Alisema mji mzima umekuwa na rangi ya chai. Alipangusa kioo cha kamera, akapangusa miwani, akamgombeza mwenye kufua mapazia, akanipigia simu kuniambia wino wangu umeharibika. Mvua ikaja, barabara zikawa tope, na bado aliona vumbi. Ndipo mtu mmoja akamwonyesha kwenye kompyuta ya mwanawe jinsi ya kubadili rangi za picha. Kuna alama ndogo, ukiivuta upande huu njano inapungua, buluu inaongezeka. Madame aliivuta kidogo, akaona mji wake unarudi, ule wa ujana wake, wa Jumapili za film.

"Kavira, nimepata dawa!" alinipigia simu akipiga kelele kwa furaha. "Napanguza vumbi mu picha!"

Toka hapo kila kadi ilikuja imepanguzwa, na ile ya asili ya kila picha ikiwa bado humo kando yake. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe, mbingu imekolea kidogo, si vibaya. Kadi iliyofuata, migomba ilikuwa na rangi ya bahari ambayo hatuna. Na baada ya msimu mmoja, nyuso za watu zilikuwa na rangi ya sketi ya shule. Watoto wa komunyo ya kwanza, gauni zao nyeupe zimekuwa za buluu, meno ya buluu, hostia ya buluu. Nilichapa. Mashine yangu ilimaliza kopo la wino wa buluu huku mengine bado yamejaa.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Wenye kuuliza hawakulelewa kwetu. Mkubwa hasahihishwi, na aliyekufundisha kusoma ndiye mkubwa wa wakubwa. Isitoshe alikuwa akizigawa bure, kwenye fremu, na zawadi ya mkubwa unaipokea kwa mikono miwili, unasema wasingya, yaani asante, unaitundika. Ukiingia nyumba za Vulamba wakati huo, ukutani walikuwepo watu wa buluu wakigombana. Padri alitundika komunyo ya buluu ofisini. Mwanawe alitundika picha yake mwenyewe ya buluu dukani, wateja wakamuuliza kama alikuwa mgonjwa, akasema ndiyo.

Lakini kulikuwa na sababu ya chini zaidi, na tuliizungumza mimi na mwanawe kwa simu, kwa sauti ndogo kama wezi. Kamera ilikwisha kumtoka mara moja, na tulimwona alivyokuwa miaka yote ile, mnyoofu na mkavu. Sasa alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anapanda vilima, anagombana na nusu ya mji, amekuwa msichana. Mwanawe akasema, "Kavira, ukimuambia, ataweka ile appareil ya picha chini. Namujua mama yangu. Hataigusa tena." Nami nilijua anasema kweli. Ni nani angekubali kuwa mporaji wa pili?

Basi siku moja alikuja Beni kunisalimia. Nikamwekea chai, naye akaimimina sukari pembeni ya kikombe, juu ya meza, akaikoroga chai isiyo na sukari, akanywa, akasema ni tamu. Nilimtoa nje kwa kisingizio cha kumwonyesha kuku. Juani niliona weupe katikati ya mboni zake. Kesho yake nikampeleka kwa madaktari wa macho pale pale Beni.

Daktari alimulika, akageuza, akamulika tena. "Mama, ni cataracte, mtoto wa jicho. Macho yote mbili. Inafanyaka mutu anaona jaune, manjano, kama unaangalia ndani ya chai."

Madame aliruka kutoka kwenye kiti. "Donc haikuwa vumbi!"

"Haikuwa vumbi, mama. Mais tunaweza kuitosha, kuiondoa kabisa."

Alifurahi hata akamkumbatia daktari. Macho mapya! Atapiga picha mpaka afe! Na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake nilitaka kufurahi, na nusu yangu ilifurahi kwa kweli, lakini nusu nyingine ilikuwa inaona kuta za Vulamba, moja baada ya nyingine. Macho yakifunguka, kitu cha kwanza atakachotaka kuangalia nilikuwa nakijua.

Walianza na jicho moja. Siku ya kutoa bandeji alikuwa kwangu, Bungulu, uani. Alisimama karibu na kamba ya nguo, akafumba jicho hili, akafumba lile, na sijapata kumwona mtu mzima akicheza namna ile.

"Hii ni chai. Hii ni bleu! Chai! Bleu! Kavira, kuya uone!"

"Mimi naonaka, Madame."

"Basin yako iko bleu! Ile jani iko mubichi! Na hii kitenge yangu..." Akashika kitenge alichovaa, kile anachokipenda, ambacho kwa muda mrefu alikuwa akisema ni cha kahawia cha heshima. Kilikuwa cha zambarau inayopiga kelele, chenye maua ya njano. "Nani aliniachilia nivae hii ku messe?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alicheka naye. Aliita majirani, akawaeleza rangi za nguo zao wenyewe. Ilikuwa asubuhi ya furaha kuliko nyingi nilizowahi kuishi, na nilitamani iishie hapo. Lakini akageuka, akapangusa machozi kwa upande wa jicho ambalo halijapasuliwa, akasema, "Sasa, nionyeshe picha zangu."

Nilimwambia umeme haupo. Taa ya kibandani ilikuwa inawaka nyuma yangu. Nilimwambia kompyuta ina virusi. Akanipita, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, akavaa miwani, akaivua, akafungua.

Picha ya kwanza aliitazama muda mrefu. "Huyu ni nani?"

"Ni mutoto wako, Madame. Mu magazin yake."

Akaenda ya pili. Ya tatu. Komunyo. Wazee wake wote wa ugomvi. Mkono wake ulikuwa unabonyeza polepole.

"Wewe ulikuwa unaona?"

"Ndiyo, Madame."

"Na mutoto yangu?"

"Ndiyo."

"Na Padiri?"

"Ata Padiri."

"Na hakuna mutu moya alifungula kinywa. Mu quartier muzima." Hakusema kwa hasira. Hasira ningeizoea, ningejua pa kusimama. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba alipita sokoni na nguo imepasuka. Akafunga kompyuta, akatia kamera ndani ya mfuko wake, akavuta zipu, akaomba kulala. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia kile nilichokuwa nacho moyoni, kwamba tulimpenda, kwamba tuliogopa. Akanijibu, "Nasikia, Kavira. Mais nitatosha zote. Sitabakisha ata moya ku ukuta ya mutu."

"Na appareil?"

"Tutaona."

Nilivyosoma kwake, "tutaona" ya Madame ni hapana iliyovaa koti.

Jicho la pili likapona nalo. Kamera ilikaa juu ya kabati nyumbani kwake, na mwanawe alinipigia simu kila mara kuniambia bado iko pale, haijasogea. Nilikuwa bado ninazo kwenye kompyuta picha zake kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla ya kupanguzwa. Nikazichapa zote upya, kwa rangi za Mungu, nikapanda nazo Butembo. Zilikuwa nzuri mno, na nilitumaini kwamba akiziona atalainika. Aliziangalia moja moja. Akasema, "Ni bien," kama anavyosema mtu aliyepewa maji ya uvuguvugu. Tukatoka kwenda kubadilisha.

Padri alitoa komunyo ya buluu ukutani haraka kidogo kupita adabu. "Tulikuwa tumezoea, Madame," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa kamba. Mwanawe aliishusha ya dukani kabla hatujafika. Nyumba baada ya nyumba, watu walitupa za zamani kwa mikono miwili, wakapokea mpya kwa mikono miwili, wakasema wasingya, na kila shukrani ilimwinamisha Madame kidogo. Alitembea katikati ya barabara, moja kwa moja, bila kusimama kwa ajili ya kitu chochote. Nilimwonyesha bati linang'aa. Akasema tunachelewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama muuza makala, kama tunavyoyaita makaa, kule kwenye kona inayoshuka. Amezeeka naye, ameuza makaa tangu nikiwa mtoto, na weusi wa makaa umeingia kwenye mikunjo ya uso na mikono hata sabuni imekata tamaa. Picha yake ya buluu ilikuwa juu ya mlango, ndani, mahali ambapo watu huweka msalaba. Madame alinyoosha mkono kuishusha. Mama muuza makala akasimama mbele yake.

"Ile hapana, Madame."

"Mama, ile nilikosea. Macho yangu ilikuwa na ugonjwa. Angalia, nimekuletea ile ya kweli."

Mama muuza makala aliipokea ile ya kweli, akaitazama. Ilikuwa ni yeye mtupu, na makaa yake. Akairudisha.

"Hii najuaka. Naionaka mu kioo kila siku." Akaelekeza kidole juu ya mlango. "Maisha yangu yote bantu bananiona paka na makala. Batoto bananichekaka. Weye moya njo ulinitosha makala ku uso. Sasa unakuya kunirudishia?"

Madame alibaki na mkono juu, ule mkono uliosahihisha watoto wa mji mzima. Halafu akaushusha. Akainua uso, akaitazama picha ya juu ya mlango kwa macho yake mapya, na safari hii alitazama kweli, akiinamisha kichwa upande kama anavyofanya kamera ikiwa usoni. Uso ule wa buluu, mdomo wazi, umekasirika, unang'aa. Nami nikaitazama pamoja naye, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba ilikuwa nzuri ajabu.

"Kweli," akasema polepole. "Kweli, mama. Hii iko nzuri."

"Njo nakuambia."

Madame alivuta kigoda akaketi, bila kukaribishwa, kama kwake. Aliniangalia, na kwenye macho yale nilimwona mwalimu kijana wa Jumapili.

"Kavira wa Dirisha. Ile bleu, nilivutaka mupaka wapi?"

"Mupaka mwisho, Madame."

"Mupaka mwisho," akarudia. "Bon. Kimbia nyumbani uniletee appareil, iko juu ya armoire. Na wewe, mama, kuya hapa ku mulango, tuongee kidogo juu ya bei ya makala yako, juu naona siku hizi unatuibia."